Nani Alichoma Klachi?

Kuna swali ambalo huulizwa gereji kabla hata gari haijainuliwa na jeki: "Nani alikuwa anaendesha hii?" Tairi ikipasuka, watu wanalaumu barabara. Injini ikigoma, wanaulizia oili. Lakini klachi ikiisha, wasee wanatafuta mtu, na huyo mtu karibu kila mara ni dere. Mimi nimekulia kwa familia ya watu wa matatu, kwa hivyo hilo swali nililisikia kabla sijajua kusoma. Sasa nimekaa miezi kadhaa nikisoma historia ya hiki kidude (ndio, mimi ni huyo msee), na maoni yangu ni haya: dere ana makosa yake, lakini kwenye orodha ya wanaoua klachi kuna watu wengi mbele yake, na tangu zamani bili hutumwa kwa yule aliye chini kabisa.

Lakini kwanza tuelewane hiki kitu kinafanya nini, juu wengi wetu tumezoea gari za otomatiki kutoka Japani na klachi tunaisikia tu kwa stori.

Injini ya petroli au dizeli haiwezi kuanza kusukuma kutoka sufuri. Lazima iwe inazunguka tayari, kama mara 700 au 800 kwa dakika hata ikiwa imetulia kwa taa. Magurudumu nayo yamesimama tuli. Sasa utaunganisha aje kitu kinachozunguka na kitu kilichosimama bila kuvunja kimoja? Unavisugua. Kati ya injini na giaboksi kuna sahani moja nyembamba, pleti ya klachi, yenye bitana ngumu pande zote mbili. Upande mmoja kuna flaiwili, ile chuma nzito inayozunguka na injini. Upande wa pili kuna presha pleti yenye springi kali, inayobana ile sahani kwa nguvu. Ukikanyaga pedali, beringi ya rilisi inasukuma springi, presha pleti inaachilia, sahani inabaki huru. Ukiinua mguu polepole, sahani inaanza kusugua, inateleza, inashika, mwishowe vyote vinazunguka pamoja.

Huo mtelezo wa sekunde moja au mbili ndio kazi yenyewe ya klachi, na ndio unaoimaliza pia. Kila ukiondoka, inajitafuna kidogo. Ilitengenezwa iishe. Swali ni itaisha baada ya miaka mingapi, na nani ameiharakisha.

Carl Benz alipopata hati yake ya uvumbuzi Januari 1886 kule Ujerumani, gari lake la magurudumu matatu halikuwa na klachi ya sahani. Lilikuwa na mkanda wa ngozi, kama ile ya posho mill. Ukitaka gari liende, unasogeza mkanda kutoka kwa gurudumu linalozunguka bure hadi kwa lile lililoshikamana na mhimili. Mkanda unateleza kidogo, halafu unashika. Kazi ni ile ile, vifaa tofauti. Na shida ni zile zile: ngozi inanyooka, inalegea, injini inanguruma na gari haliendi.

Agosti 1888, mke wake Bertha Benz alichukua gari bila kumwambia mzee, akabeba vijana wake wawili, na kuendesha kutoka Mannheim hadi Pforzheim, zaidi ya kilomita 100. Hakuna mtu alikuwa amewahi kwenda mbali hivyo na gari la petroli. Penye mlima vijana walishuka wakasukuma. Breki za mbao zilipochakaa, alisimama kwa fundi viatu akamwambia apigilie ngozi juu yake. Hapo ndipo bitana ya breki ilipozaliwa, kwa duka la viatu, na bitana ya breki na ya klachi ni ndugu wa tumbo moja. Wajerumani walichukua ngozi ya kiatu wakaiweka kwa gari. Sisi tukachukua tairi la gari tukalifanya kiatu, akala. Sijui kama hiyo ina maana yoyote lakini inanifurahisha sana.

Alichofanya Bertha kuna watu wanakisimulia kama mchezo wa mama mjanja. Mimi naona ripoti ya fundi. Alirudi na orodha ya vitu vilivyomshinda njiani, na Benz akarekebisha, ikiwemo kuongeza gia ya kupandia milima. Dere alisema, mwenye gari akasikiza. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Mwaka 1891 kampuni ya Ufaransa, Panhard et Levassor, ilipanga vitu kwa mtindo ambao uliendelea kutumika kwa vizazi: injini mbele, nyuma yake klachi, halafu giaboksi, halafu nguvu inaenda magurudumu ya nyuma. Klachi za enzi hizo nyingi zilikuwa za umbo la pia, zimevalishwa ngozi, zinaingia ndani ya flaiwili kama kifuniko cha sufuria. Na hiyo ngozi ilikuwa na maringo. Ikikauka, inashika ghafla na gari linaruka kama mbuzi. Dawa yake ilikuwa mafuta kidogo ya kuilainisha. Ukizidisha mafuta, inateleza, inabidi uinyunyizie unga wa udongo wa kufyonza mafuta ndiyo ishike tena. Dereva wa mwaka 1900 alikuwa nusu dereva, nusu mpishi. Alijua klachi yake leo iko na mood gani.

Kitu kimoja hakijabadilika tangu hiyo siku: mafuta ni sumu ya klachi kavu. Hiyo nayo ishikilie.

Baada ya ngozi akaja Herbert Frood, Mwingereza wa Derbyshire, sehemu ya vilima vikali. Alianzisha biashara yake mwaka 1897 akitengeneza vibao vya breki za mikokoteni ya farasi, na kampuni ikaja kuitwa Ferodo, jina lake mwenyewe likiwa limechanganywa herufi na kuongezwa moja. Alitafuta kitu kinachostahimili joto kuliko ngozi na pamba, na kufikia 1908 alikuwa ameanza kutumia asibestosi, yale mawe yenye nyuzi ambazo hazishiki moto. Ilifanya kazi vizuri ajabu. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, pleti za klachi na breki za dunia zilikuwa na asibestosi ndani.

Hapa stori inakuwa chungu. Kule Rochdale, Uingereza, mwanamke mmoja aliyeitwa Nellie Kershaw alikuwa akisokota nyuzi za asibestosi kwa kiwanda cha Turner Brothers. Vumbi likamjaa mapafu. Akaomba kampuni imsaidie, kampuni ikakataa kulipa. Alifariki Machi 1924 akiwa na miaka 33, na kifo chake ndicho cha kwanza kuandikwa kwenye jarida la madaktari kikihusishwa na hilo vumbi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920, Ferodo ikajiunga na kundi lile lile la kampuni, Turner & Newall. Uingereza ilipiga marufuku asibestosi kabisa mwaka 1999. Hesabu mwenyewe hiyo ni miaka mingapi.

Nawaambia hii kwa sababu ya kitu ninachoona mpaka leo: fundi akishusha giaboksi, kitu cha kwanza anafanya ni kupuliza vumbi, kwa kompresa au kwa mdomo wake mwenyewe. Pleti nyingi za siku hizi hazina asibestosi, lakini za zamani bado ziko kwa gari za zamani, na boksi lisilo na jina la maana halikuambii ndani kuna nini. Kama uko gereji, lowesha lile vumbi kwa maji kwanza, pangusa na kitambaa. Wacha wakuite mwoga.

Sehemu ya katikati ya historia nitaipitia haraka, juu ni hadithi ya wahandisi kumwondolea dereva mzigo kimoja kimoja. Ford Model T ya 1908 ilikuwa na pedali tatu ambazo zingekuchanganya kabisa leo: ya kushoto ukiikanyaga chini ndiyo gia ya kwanza, ukiiachilia ndiyo gia ya juu. Mwaka 1928 Cadillac wakaleta gia zenye sinkronaiza, ule mfumo unaosawazisha mwendo ndiyo gia isikwaruze, na dereva akaacha kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia. Miaka ya 1930 General Motors wakaanza kuweka springi moja ya umbo la sahani badala ya springi nyingi ndogo, pedali ikawa nyepesi na mbano ukawa sawa pande zote. Na mwaka 1939 Oldsmobile wakatangaza Hydra-Matic, gari la sokoni lisilo na pedali ya klachi kabisa.

Yaani kufikia wakati babu zangu wanazaliwa, ngozi ilikuwa imeondoka, mchezo wa udongo na mafuta umeisha, springi zimeboreshwa. Klachi ikakuwa kitu kizuri. Sababu za kufa kwake zikapungua, zikabaki chache, na hizo chache zinahusu sana mahali gari linafanya kazi. Kwa hivyo twende nyumbani.

Kenya ilikuwa na sifa ya kuua magari kabla hata ya matatu. Safari Rally ya 1963 ilimalizwa na magari 7 peke yake kati ya 84 yaliyoanza, na mshindi alikuwa Peugeot 404. Mwaka 1968, tena 7, tena 404 juu. Matope ni adui mkubwa wa klachi: gari likizama, unalitikisa mbele nyuma, mbele nyuma, na kila tikiso sahani inateleza ikiwa imebeba uzito wote. Ndiyo maana wazee wa mashambani waliziamini hizo Peugeot hadi wakazifanya gari za abiria.

Halafu 1973 Mzee Kenyatta akaruhusu matatu kubeba watu bila ile leseni ya usafiri iliyokuwa inahitajika. Hapo ndipo biashara ilipolipuka. Pikapu zikawekwa mabenchi, watu wakakaa wakiangaliana, ndio hizo face me ambazo wazazi wetu wanazisimulia kwa fahari na kwa maumivu ya mgongo. Ilikuwa gari iliyopigiwa hesabu ya mizigo ya shamba Ufaransa au Japani, sasa imebeba watu 20 na wengine wamening'inia mlangoni.

Klachi haijui stori za siasa, inajua uzito. Ukiongeza mzigo mara mbili, joto linalozaliwa kwenye sahani kila ukiondoka pia linaongezeka karibu mara mbili, na mtelezo unachukua muda mrefu. Joto likizidi, bitana inang'aa kama kioo na kuacha kushika, flaiwili inapata madoa ya bluu, springi inachoka. Wahandisi walikuwa wamemaliza kazi yao vizuri. Sisi tukaongeza abiria wa 15, wa 16, wa 20.

Ndiyo maana mimi nawapa sheria za Michuki heshima ambayo wengi hawazipi. Zilipoanza kutekelezwa Februari 2004, watu walizungumza juu ya mikanda, spidi gavana ya kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano. Lakini ile ya abiria 14 na kila mtu na kiti chake iliokoa klachi nyingi kuliko fundi yeyote wa Kirinyaga Road. Hakuna aliyepewa shukrani kwa hiyo.

Kilichobaki ni jam. Ukitaka kuona klachi ikifa, simama Museum Hill saa kumi na mbili jioni. Gari zinasonga mita mbili, zinasimama, mita tatu, zinasimama, na zote ziko mlimani. Dere hataki kuvuta handbreki kila mara, kwa hivyo anabalance: mguu nusu kwa klachi, mguu kidogo kwa mafuta, gari imening'inia pale hairudi nyuma haiendi mbele. Driving school walitufundisha hiyo kama ujuzi mkubwa. Ni ujuzi kweli, kwa sekunde tatu. Kwa dakika 40, hiyo sahani inasuguliwa bila kupumzika, mpaka ile harufu inapanda, kama nywele zimeungua au chapati imesahauliwa kwa moto. Wasee wa ndani wanafungua dirisha wakifikiri ni ya lori la mbele.

Na kwa nini habalance kidogo akapumzika? Juu kuna target. Mwenye gari anataka pesa yake ya siku iwe jam iwe mvua, na baki ndiyo ya dere na konda. Ukiacha nafasi ya mita tano mbele yako ndiyo uondoke mara moja safi badala ya mara nne za kunyatia, mathree nyingine inaingia hapo na kuchukua abiria wako wa stage inayofuata. Mguu wa dere unafuata hesabu ya mtu ambaye hayuko ndani ya gari.

Anko wangu aliendesha kumi na nne miaka mingi. Siku moja klachi iliisha kabisa akiwa amebeba full, injini inanguruma, gari imesimama. Mwenye gari alipofika gereji aliuliza lile swali, akajibiwa, na kuanzia hiyo wiki anko akawa anakatwa pesa ya klachi kila jioni. Alikatwa karibu miezi miwili. Mimi nilikuwa form two na hiyo term nilirudishwa nyumbani kwa sababu ya fees mara mbili.

Lakini fundi alikuwa ameshusha giaboksi na kumwonyesha anko kitu. Pleti ilikuwa imelowa. Nyuma ya injini kuna sili, pete ya mpira inayozuia oili isitoke pale mhimili wa injini unapoingia kwa flaiwili. Ilikuwa imekatika, na oili ilikuwa inadondoka polepole moja kwa moja kwa klachi. Anko alikuwa ameripoti hiyo oili chini ya gari zaidi ya mwezi mmoja. Jibu lilikuwa, "Ongeza tu oili, tutaangalia end month." Klachi ililowa, ikateleza, ikachomeka. Shida ya mwaka 1900, mafuta kwenye ngozi, tofauti ni kwamba anko hakuwa na ule unga wa udongo.

Bertha alisema, mzee akarekebisha. Anko alisema, akakatwa.

Sasa ukijua hivi, unaweza kuisoma klachi kama polisi anavyosoma eneo la tukio. Ukikanyaga mafuta na injini ikapiga kelele lakini gari haiongezi mwendo, inateleza: imeisha, ama imelowa, ama springi imechoka. Bitana ikiwa imelika sawasawa na kavu, ni umri au ni mguu. Ikiwa na oili, ni sili, na mguu wa dere hautengenezi oili. Gia zikikwaruza au kukataa kuingia na pedali iko laini hadi chini, angalia kebo, ama zile silinda mbili za hidroliki, juu kukivuja fluid au hewa ikiingia, klachi haiachilii vizuri. Kelele inayotokea ukikanyaga na kupotea ukiachilia ni beringi ya rilisi, na hiyo mara nyingi huuliwa na mtu anayepumzisha mguu juu ya pedali njia yote. Hapo sawa, laumu dere. Gari ikitetemeka ukiondoka, flaiwili ina madoa ama haikuchongwa upya wakati klachi mpya iliwekwa, kwa sababu mtu alitaka kuokoa pesa ya leth.

Halafu kuna spea feki, ambazo zinakuja kwa boksi lililochapishwa vizuri kuliko la original. Pleti ambayo bitana inabanduka baada ya wiki tatu, imechomwa na aliyeinunua.

Kwa hivyo nikiulizwa, nasema mambo mawili na sitarudi nyuma. Klachi kwa gari ya biashara ihesabiwe kama tairi na oili, gharama ya kazi, ilipwe kutoka kwa mapato. Na kama mwenye gari anataka kumkata dere, basi sahani itolewe, iwekwe mezani, wote waiangalie wakiwa na fundi. Dere awe na haki ya kubaki na ile pleti ya zamani. Ni ushahidi wake.

Kuna watu wataniambia hii stori inaisha tu yenyewe. Basi za umeme zimekuwa Nairobi tangu 2022, BasiGo na wengine, na mota ya umeme inasukuma kwa nguvu zote kutoka sufuri, kwa hivyo haihitaji kitu cha kuteleza katikati. Hakuna klachi, hakuna kubalance Museum Hill. Goti la kushoto la dere litapumzika kwa mara ya kwanza tangu 1973, na mimi kwa hilo nashangilia kabisa, anko anachechemea hadi leo.

Lakini basi hizo zina betri, na betri nayo huchoka. Siku moja itashuka chaji kabla ya wakati, gari litavutwa hadi gereji, na mtu atashuka kwa gari lake dogo akiwa na funguo mkononi. Nawaombeni tu mtege sikio msikie atauliza nini kwanza.